Nyumba za Nyasi na Vitalu vya Mawe vya Ayalandi

Katika visiwa vya Aran, vilivyo baharini upande wa magharibi wa Ayalandi, makonde mengi hayana lango. Mkulima atakaye kumpitisha ng'ombe wake kutoka konde moja hadi jingine hubomoa kipande cha kitalu cha mawe, humpitisha mnyama, kisha huyarudisha mawe yale mahali pake, moja baada ya jingine, akaenda zake. Kazi hiyo si ya muda mrefu, maana mawe hayakushikwa kwa udongo wala kwa saruji. Mgeni asiyeijua desturi hii aweza kuzunguka saa nzima akitafuta pa kuingilia, na ng'ombe wakimtazama tu.

Mgeni huyo aghalabu amekuja kutazama nyumba. Picha ya nyumba ya Kiayalandi imeenea dunia nzima katika kadi za posta na kalenda: nyumba ndefu, nyembamba, isiyo na ghorofa, yenye kuta nyeupe, paa la nyasi, mlango mwekundu au wa kijani ulio wazi nusu, moshi mwembamba juu yake, na mbele yake kitalu cha mawe au ua wa miti ya miba. Katika Kenya, ambako mapadri na masista wengi wa Kiayalandi walifundisha mashuleni, yamkini wanafunzi wengi waliwahi kuiona picha hiyo bila kujua kwamba baadhi ya walimu wao walizaliwa ndani ya nyumba za namna ile ile.

Uzuri huo haukuchorwa na fundi wa mjini. Nyumba ilijengwa na mwenyewe pamoja na jirani zake, kwa vitu vilivyopatikana karibu. Penye mawe walijenga kwa mawe. Pasipo mawe, hasa mashariki na kusini, walijenga kwa udongo uliokandwa pamoja na majani makavu, na unene wa ukuta ulikuwa yapata futi mbili au zaidi. Miti ilikuwa haba, kwa kuwa misitu mikubwa ya nchi ilikwisha katwa zamani. Basi watu walichimbua katika mabwawa ya udongo mweusi magogo ya kale yaliyozama humo kwa maelfu ya miaka, wakayapasua yawe makombamoyo ya paa. Magogo hayo hayakuwa marefu, kwa hiyo nyumba haikuweza kuwa pana. Upana wake ulikuwa wa chumba kimoja tu, nayo ilipokua ilikua kwa urefu, chumba nyuma ya chumba, kama mabehewa ya gari la moshi. Hata katika kurefusha kulikuwa na miiko, kwani sehemu nyingi za nchi watu waliona ni kisirani kuongeza chumba upande wa magharibi.

Juu ya makombamoyo yaliwekwa mabamba ya majani mabichi yaliyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake, yakashonwa kwa kamba. Juu yake ndipo palipoezekwa mabua ya ngano, au kitani, au matete, au nyasi ngumu za mchanga wa pwani, kwa kadiri ya mahali. Barani fundi alishikiza mabua kwa fito nyembamba alizozikunja katikati na kuzichoma ndani ya paa, ncha zote mbili zikielekea chini. Pwani ya Donegal na Mayo fito hazikutosha. Upepo wa bahari ya Atlantiki huko hauna mzaha, na paa lenye mgongo mkali hung'olewa lote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mafundi wa huko waliufanya mgongo wa paa kuwa mviringo, wakapitisha kamba juu yake kwenda na kurudi mfano wa wavu, wakazifunga katika vigingi vya mawe vilivyotokeza ukutani. Mtu wa pwani ya Kenya aliyezoea kuezua na kuezeka makuti hahitaji kuelezwa kwamba kazi hiyo haiishi. Paa la mabua hudumu miaka kumi au kumi na mitano. Lile la kamba liliongezwa majani mapya kila mwaka au kila mwaka wa pili.

Nyumba nyingi za magharibi zilikuwa na milango miwili iliyotazamana, mmoja mbele na mmoja nyuma, na upepo ndio uliochagua mlango wa kutumiwa siku ile. Katika mlango wa mbele palikuwa na mlango wa pili, mfupi, uliofika kifuani pa mtu. Huu ndio ule mlango wa nusu unaopendwa na wapiga picha. Kazi zake zilikuwa nyingi kupita ukubwa wake. Madirisha yalikuwa madogo na machache, basi nuru na hewa viliingia juu yake. Kuku na nguruwe walizuiwa nje, watoto wadogo wakazuiwa ndani. Tena mwenye nyumba aliweza kuegemeza viwiko vyake juu yake akazungumza na wapitao njiani, akiwa nyumbani bila kujifungia na akiwa barazani bila kutoka. Wenye kujenga nyumba za kisasa, ambazo mlango wake ama umefungwa ama u wazi, wamepoteza kitu hapo.

Ndani, mambo yote yalizunguka meko. Kuni hazikuwepo; waliwasha mabamba ya ule udongo mweusi wa bwawani, yaliyokatwa wakati wa majira ya kuchipua na kukaushwa kwa upepo na jua. Moto wa udongo huo hauna ndimi kubwa, lakini ni mvumilivu. Usiku mama wa nyumba alifukia makaa kwa majivu, na asubuhi aliyafukua yangali mekundu. Katika nyumba nyingi moto haukuachwa kuzimika, na kijana alipojenga nyumba yake mwenyewe alichukua makaa ya kwanza kutoka meko ya wazazi wake. Mkono wa chuma uliozunguka ulining'inizwa juu ya moto kwa ajili ya sufuria na birika. Wazee na wageni walikaa pembeni mwa meko, na huko ndiko hadithi zilikosimuliwa hata usiku wa manane.

Katika nyumba za maskini wa magharibi ng'ombe naye alilala humo humo, mwisho wa chumba uliokuwa chini kidogo, na mfereji wa mawe ukitenga upande wake. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari hiyo kwa dharau. Lakini mtu ambaye mali yake yote ni ng'ombe mmoja hamlazi mbali naye, na joto la mnyama yule wakati wa baridi halikuwa jambo dogo.

Weupe wa kuta ulitokana na chokaa. Mawe ya chokaa yalichomwa katika tanuri, kama yanavyochomwa mawe ya bahari katika pwani ya Afrika Mashariki, na maji ya chokaa yakapakwa kuta mara moja kila mwaka, mara nyingi kabla ya sikukuu, au kabla ya padri kuja kusoma misa nyumbani kwa zamu. Chokaa huzuia mvua isile ukuta, nayo huua wadudu na vijidudu. Mwaka baada ya mwaka tabaka zilirundikana, pembe zote zikalainika, na nyumba ikaonekana kana kwamba imefinyangwa kwa mkono. Hakuna rangi ya dukani iwezayo kuiga jambo hilo.

Sasa habari za vitalu. Ayalandi ina namna mbili kubwa za kuzungushia shamba. Mashariki na kusini, penye udongo mzito, mkulima alichimba handaki, akarundika udongo wake kando ukawa tuta refu, na juu ya tuta akapanda miti ya miba. (Ni jambo la kuchekesha kwamba lile neno ambalo kwa Waingereza ni jina la handaki, kwa Waayalandi wengi wa mashambani ni jina la tuta.) Nyua nyingi za namna hiyo zilipandwa katika karne za 18 na 19, wakati ambapo mabwana wenye ardhi waliwalazimisha wapangaji wao katika hati kuchimba na kupanda. Mwezi wa Mei mti wa miba hufunikwa na maua meupe, hata nchi nzima huonekana kana kwamba imepakwa chokaa pamoja na nyumba zake.

Mti huo ukisimama peke yake katikati ya konde, ni mkulima shupavu atakayeukata. Kwa imani ya kale ni mali ya majini wa nchi ile, na aukataye hutafuta balaa. Mwaka 1999 barabara kubwa ilipokuwa ikijengwa huko Latoon, kaunti ya Clare, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipiga kelele kwamba mti mmoja wa namna hiyo usiguswe. Barabara ikajengwa, na mti ukaachwa kando yake. Wako waliocheka, lakini hawakuukata.

Magharibi, penye mwamba, ni nchi ya mawe. Huko kitalu kilikuwa na kazi mbili kwa pamoja: kuzuia wanyama, na kupata mahali pa kuyaweka mawe ili jembe lipite. Ndiyo sababu makonde ya Aran ni madogo mno, mengine si makubwa kupita ua wa nyumba. Tena udongo wenyewe mara nyingi uliletwa na watu. Walitandaza mchanga na mwani wa baharini juu ya mwamba mtupu, wakifanya hivyo vizazi kwa vizazi, mpaka viazi vikaota. Urefu wa vitalu katika visiwa hivyo vitatu, vikiunganishwa, unazidi maili elfu moja. Baadhi vimejengwa kwa safu moja tu ya mawe, na mtu aona mbingu katikati yake. Mgeni hudhani ni uvivu. La; upepo hupita katika matundu hayo na nguvu zake huvunjika, lakini ukuta uliozibwa kabisa husukumwa na dhoruba hata ukaanguka. Kondoo naye, aonapo mwanga katika mawe na kuyasikia yakicheza, haamini kuyaparamia.

Ufundi huo ni wa kale sana. Katika miaka ya 1930 mwalimu wa shule Patrick Caulfield wa kaskazini mwa Mayo, alipokuwa akikata udongo wa moto, aliona mawe yamepangwa chini kabisa ya bwawa. Mwanawe Seamas, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya kale, akaja kuonyesha kwamba ni vitalu vya mashamba, vinavyoendelea kwa maili nyingi chini ya udongo. Wataalamu wengi huvihesabu kuwa na umri wa zaidi ya miaka 5,000. Mahali hapo huitwa Céide Fields.

Lakini si kila kitalu kilijengwa na mtu kwa ajili ya konde lake. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi, chakula pekee cha mamilioni ya watu, na njaa ikaendelea kwa miaka. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi wakapanda meli. Serikali iliwapa wenye njaa kazi za ujira mdogo, na mwezi wa Machi 1847 zaidi ya watu 700,000 walikuwa katika kazi hizo, wengi wao wakitengeneza barabara. Baadhi ya mabwana wenye ardhi nao waliwapa watu kazi ya kujenga kuta. Hata leo katika vilima vya magharibi ziko kuta zinazopanda moja kwa moja hadi kileleni, hazizuii mnyama wala hazigawi shamba, na watu wa huko huziita kuta za njaa. Apitaye na kamera yake akisifu jinsi zinavyopendeza juani ana haki ya kuzisifu, lakini na ajue kwamba yawezekana aliyeweka jiwe lile hakuwa amekula siku hiyo.

Hesabu ya watu ya mwaka 1841 iligawa nyumba katika daraja nne. Ya nne ilikuwa vibanda vya udongo vya chumba kimoja, navyo vilikuwa karibu 490,000. Mwaka 1851 vilibaki kama 136,000. Walioishi katika vingine walikufa au walikimbia, na vingi vilibomolewa kwa makusudi, maana sheria ya mwaka 1847 ilisema kwamba mtu mwenye zaidi ya robo eka hatapata msaada. Wengi waliachia ardhi ili wale, na mara walipotoka paa liliangushwa wasirudi.

Wala njaa haikuwa sababu pekee ya kubomoa. Mwezi wa Aprili 1861, huko Derryveagh katika Donegal, bwana mmoja mwenye ardhi, John George Adair, aliwafukuza jamaa 47, watu 244 kwa jumla. Msimamizi wake alikuwa ameuawa mwezi wa Novemba uliotangulia. Muuaji hakujulikana, naye Adair akawaadhibu wote. Askari polisi wengi walisimama huku watu wenye mitaimbo wakizibomoa nyumba. Wengi wa vijana wa jamaa hizo walisafirishwa Australia kwa fedha zilizochangwa na watu wenye huruma. Adair akajijengea ngome ya mawe kando ya ziwa karibu na hapo, katika Glenveagh, na sasa pote ni hifadhi ya taifa inayotembelewa na wageni wengi. Ngome ni nzuri, bila shaka.

Mambo hayo yaeleza kwa nini nyumba nyingi za zamani hazikuwa nyeupe wala nadhifu kama zile za kalenda. Mpangaji aliyeweza kufukuzwa mwaka wowote hakuona faida ya kupamba. Wengi waliamini kwamba nyumba ikionekana njema, wakala wa bwana ataiona na kodi itapanda. Basi afadhali tope mlangoni kuliko kodi mpya. Chama cha Ardhi kilianzishwa mwaka 1879, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Michael Davitt, aliyezaliwa Mayo na ambaye wazazi wake walifukuzwa katika nyumba yao alipokuwa mtoto mdogo. Baada ya mabishano makali sheria ya mwaka 1881 iliweka mahakama za kukadiria kodi ya haki, na ile ya mwaka 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba yao, walipe kidogo kidogo kwa miaka 68 na nusu. Sheria nyingine ya mwaka 1883 iliwezesha kujengwa makumi ya maelfu ya nyumba za vibarua, kila moja na kipande chake cha bustani. Katika miaka hiyo ya mashamba kuwa ya wenyewe ndipo chokaa, maua ya dirishani na lango lililopakwa rangi vilipoenea. Wenye kuiona nyumba hiyo kuwa ya kale mno hawajui kwamba unadhifu wake una umri mdogo kuliko reli.

Kisha watu walianza kuzihama. Umeme ulianza kupelekwa mashambani mwaka 1946, na binti aliyeona taa ya umeme kwa jirani hakutaka tena kupika katika moshi. Nyumba zile zilikuwa na unyevu, na ugonjwa wa kifua kikuu ulikuwa mwingi. Mwaka 1971 Jack Fitzsimons alitoa kitabu cha ramani za nyumba za kisasa za bei nafuu, *Bungalow Bliss*, nacho kiliuzwa mno. Wapenda mandhari wakalalamika kwamba nyumba hizo mpya zimeharibu nchi. Walalamikaji wengi hawakuwahi kuteka maji kisimani wakati wa baridi, na malalamiko yao yapimwe kwa kipimo hicho.

Waliotamani nyumba ya nyasi kwa dhati walikuwa mbali. Mwaka 1952 John Ford, ambaye wazazi wake walitoka Galway, alitoa filamu *The Quiet Man*, ya mtu atokaye Marekani kuja kununua nyumba aliyozaliwa. Ilipigwa picha karibu na Cong na Maam, nayo iliwafanya wengi waje Ayalandi kutafuta nyumba hiyo. Wanaofika leo hukuta magofu. Filamu yenyewe imetunzwa vizuri kuliko nyumba.

Leo nyumba za nyasi zilizobaki zahesabiwa kwa maelfu machache tu. Serikali ya huko ilitoa mpango wa kutunza majengo ya kienyeji mwaka 2021, na ipo ruzuku ya kutengeneza paa. Shida iliyo kubwa ni bima. Makampuni mengi hukataa kuikatia bima nyumba ya nyasi kwa kuogopa moto, au hudai fedha nyingi kupita kiasi. Na asiye na bima hapati mkopo wa benki, wala mnunuzi wake hapati. Hivyo mwenye nyumba iliyopita salama katika dhoruba za miaka mia mbili huweza kushindwa na karatasi moja. Baadhi yao huifunika nyasi kwa mabati, na chini ya bati nyasi za babu zao zingalipo.

Nyua na vitalu vimepata bahati kidogo zaidi. Sheria hukataza kukata nyua za miti tangu tarehe 1 Machi hadi 31 Agosti, ili ndege walee makinda yao. Mwezi wa Desemba 2024 ufundi wa kujenga kwa mawe makavu wa Ayalandi uliongezwa katika orodha ya UNESCO, pamoja na ule wa nchi nyingine ambazo zilikwisha orodheshwa mwaka 2018. Katika Inis Oírr, kisiwa kidogo kuliko vyote vya Aran, watu hukusanyika kila mwaka kujifunza kazi hiyo kwa waijuao. Wanaokuja wengine ni walimu, wengine makarani, wengine wametoka ng'ambo, na mikono yao huchubuka siku ya kwanza. Jioni hurudi kulala katika nyumba za saruji zenye maji ya moto, na ng'ombe wa kisiwani hupitishwa katika matundu ya vitalu kama kawaida, na mawe yakarudishwa nyuma yao.